Diski Iliyojaa Akiba

Camagüey, Kuba, 11 Februari 2024

Mwanangu Osdany,

Pokea salamu za shangazi yako Nersa, ambaye bado ana meno yake na ulimi wake. Nyumba imesimama. Paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipoondoka, na kuku wamebaki wawili, wengine tumewala. Binti yako Renata hajambo? Nimemwona tena kwenye ile video uliyonitumia ya siku yake ya kuzaliwa, anavyozima mishumaa na kuimwagia keki mate. Mwambie mama yake, Silvana, kwamba mtoto nimempenda, keki sikuitamani.

Sasa jambo lenyewe. Ile diski uliyomtuma nayo Bi Caridad, mchukuzi wetu wa mizigo, mwaka juzi, ile nyembamba uliyosema haina kitu kinachozunguka ndani, mwanzoni ilifanya kazi kama ulivyoahidi. Nilikuwa nikibonyeza kitufe, kompyuta inaamka kabla sijakaa vizuri. Siku hizi imekuwa nzito. Nabonyeza, naenda kuchambua mchele, narudi, bado kile kiduara kinazunguka. Na unajua umeme wetu. Unakuja kwa saa mbili tatu, kisha unaondoka bila kuaga. Kompyuta ikimaliza kuamka, muda umekwisha.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu ni ya vitufe, na tena nikiongea kwenye simu nyumba hii ina masikio. Bi Caridad akirudi huku na mizigo yake mpe majibu. Nielekeze polepole, kama unamwelekeza mtu asiyejua kitu. Nina haraka kidogo.

Shangazi yako,
Nersa


Montevideo, Uruguay, 9 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua nimeipata, na kahawa uliyoifungia ndani yake Silvana ameificha ili mimi nisiimalize. Tunaendelea. Renata anakohoa kohoa, majirani wanasema ni upepo wa mtoni. Mimi niko palepale kwenye karakana ya kompyuta, nafungua na kufunga.

Diski yako. Kwanza angalia imejaa kiasi gani. Diski za namna hii haziandiki juu ya kitu cha zamani kama unavyoandika juu ya ubao. Lazima kwanza zisafishe mahali, ndipo ziandike. Zikikosa nafasi tupu, kila kazi ndogo inakaa foleni. Robo nzima inatakiwa iwe wazi. Mimi nawajua watu wa huko nyumbani. Wilber muuza filamu anakuja na kifurushi chake cha wiki, filamu na tamthilia, mnanakili kila kitu, na hakuna anayefuta kwa sababu nani anajua kama vitakuja tena. Futa, shangazi. Tamthilia uliyokwisha kuiona haitabadilika mwisho.

Pili, kuna ile kazi ya kupanga diski ambayo kompyuta za zamani zilikuwa zikifanyiwa kila mwezi. Hii usiipange. Haiisaidii kitu, inaila tu. Kama kuna mtu mwingine anaigusa hiyo kompyuta, aache.

Nisalimie wengine wa nyumbani.

Osdany


Camagüey, 20 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Umeandika "wengine wa nyumbani". Humu ndani tupo watu wawili na kuku wawili. Kuku wameitikia.

Kikohozi cha Renata mpikie kitunguu na asali, hata akilia. Huku mihogo imeadimika na joto limeanza mapema. Kaka yangu yupo. Miguu imemvimba kidogo, ni joto hilohilo. Tumehamishia kiti chake kwenye chumba cha kompyuta kwa sababu dirisha lile lina upepo. Najua hujauliza.

Nimefuta tamthilia zangu zote, hata ile ya Waturuki ambayo sikuwahi kujua kama yule dada aliolewa. Kile kimstari cha diski kimebaki chekundu. Nafasi niliyoipata Jumatatu, Ijumaa haipo. Tukabadilisha na waya, ule mwembamba unaotoka kwenye diski, tukaweka ule wa kompyuta iliyokufa. Tulipima kwa saa ya ukutani kabla na baada. Hatukugusa kitu kingine siku hiyo, ili tukiona nafuu tujue imetoka wapi. Nafuu haikuwepo. Siku iliyofuata waya ukahamishwa tundu. Hapo tulipata nafuu ya muda wa kukaanga yai, basi.

Kupanga diski kumeachwa. Palikuwa na mtu akiipanga kila Jumapili. Ameambiwa, amenuna, ameacha.

Nielekeze kingine, na usikae sana.

Nersa


Montevideo, 26 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Baridi imeingia. Renata amepona, sasa anakohoa Silvana. Kitunguu na asali vimekataliwa na watu wote wa nyumba hii.

Wewe hujawahi kupima kitu maishani mwako, hata chumvi. Kupima kabla na baada, kugusa kitu kimoja kwa siku moja, mimi nilifundishwa hayo nikiwa nimekaa juu ya ndoo kwenye karakana ya umeme ya kiwanda cha sukari, kabla hakijafungwa. Aliyenifundisha namjua. Kwa hiyo usiniambie "tulipima". Sikuulizi ni nani.

Na kwa kuwa unanichokoza kila barua, nikujibu mara moja tuyamalize. Mama alipokufa sikuwa na karatasi za kukaa huku. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi, na Renata alikuwa tumboni. Nilimweleza kaka yako kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi usinipigie tena." Sikumpigia tena. Nimefanya kama nilivyoambiwa.

Turudi kwenye diski. Kuna mambo matatu kwenye karatasi nyingine niliyoiambatisha, nimeandika kwa herufi kubwa. La kwanza ni mpangilio mmoja ambao uko kwenye ule ukurasa wa buluu kabla kompyuta haijaamka. Usiubadilishe, uangalie tu uniambie umeandikwaje. La pili ni mstari wa kuchapa, ukikujibu sifuri ni vizuri, ukikujibu moja niambie. La tatu, baada ya kufuta acha kompyuta iwake saa kadhaa bila kazi. Diski inajisafisha yenyewe ikiwa imepumzika na umeme upo.

Lakini kama nafasi inaliwa kati ya Jumatatu na Ijumaa, hilo si la waya wala mpangilio. Kuna kitu kinajizidisha humo ndani. Tafuta folda kubwa kuliko zote. Ukikuta kitu kimerudiwa rudiwa, bakiza kimoja, futa vingine vyote. Usimuulize mtu.

Osdany


Camagüey, 14 Julai 2024

Mwanangu Osdany,

Marahaba. Barua yako ilifika mwisho wa Juni na hii yangu imekaa mezani ikimsubiri Bi Caridad, ambaye safari yake imesogezwa na kusogezwa. Silvana mpe pole. Kuku mmoja amekufa mwenyewe, hatukumla.

Sifuri. Mstari ulijibu sifuri, na kwenye ule ukurasa wa buluu kila kitu kiko kama ulivyoandika kwenye karatasi yako. Kuhusu kuacha kompyuta ipumzike na umeme ukiwepo, mwanangu, umesahau unatoka wapi. Huku umeme ukiwepo hakuna kinachopumzika. Tunapika, tunapiga pasi, tunavuta maji, tunakimbizana mlangoni. Diski yako haijawahi kukaa bure hata siku moja.

Sasa nikuambie. Kaka yangu Heriberto alilazwa hospitali. Maji yamejaa mwilini, moyo hauyasukumi. Sikukuandikia kuwa ni moyo. Amerudi nyumbani, anapumua akiwa amekaa, halali tena chali. Alipokuwa huko, kompyuta ikabaki yangu peke yangu, nikafanya ulivyosema, nikatafuta folda kubwa.

Ni Renata. Folda kwa folda, Renata anazima mishumaa. Baba yako amezipa majina. Akiba. Akiba ya akiba. Akiba, usiguse. Akiba baada ya ile mvua. Kila umeme ulipokuja alikaa pale, akaingoja kompyuta iamke, akamwangalia mtoto mara moja, kisha akatengeneza nakala nyingine. Mtu aliyeishi kiwandani akiweka fyuzi ya ziada nyuma ya kila fyuzi, wewe ulitegemea nini? Alikuwa akiogopa umeme ukikatika ghafla utamchoma mtoto. Na zote kaziweka ndani ya diski ileile moja. Hakuwahi kufikiri kwamba akiba yake ndiyo inayoinyonga.

Nikakaa nikaangalia video hiyo mpaka mwisho, kwa sababu mimi huwa naizima mishumaa ikizimwa. Mwishoni huonekani, ila unasikika. Unamwambia mtoto, "Haya, mpungie babu." Heriberto aliniambia kitambo, "Nersa, ameniita." Nilidhani ni homa.

Nilikutii. Nilifuta zote nikabakiza moja, kompyuta ikaruka kama mpya. Nikajisifu. Aliporudi kutoka hospitali nikamkalisha, nikamwambia, "Angalia inavyokwenda." Akafungua, akatafuta. Nilimwona anatafuta. Nikamwonyesha ile moja nikamwambia mtoto yupo, hajaenda kokote. Akasema, "Na hii ikiungua naweka nini?" Hakunigombeza. Kesho yake umeme ulipokuja akaanza upya, kipanya kinamponyoka. Sikumzuia. Imeshaanza kuwa nzito tena.

Osdany, ile haraka niliyokuandikia Februari ilikuwa hii. Yeye hana muda wa kungojea kompyuta. Alinikataza nisikwambie, nami nikajifanya mtiifu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nimechagua siku mbaya. Yeye anasema alikwambia usipige, kwa hiyo hawezi kukulaumu kwa kutopiga. Anajivunia kwamba unashika unaloambiwa. Mmezaliwa na kichwa kimoja, mkagawana.

Jirekodi. Sema naye chochote, hata umgombeze. Ufanye sasa.

Shangazi yako,
Nersa


Montevideo, 17 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua imenifikia leo. Bi Caridad anaruka Jumatano, kwa hiyo naandika nimesimama.

Nimeisikiliza ile video hapa karakanani, kwa spika kubwa. Sikujua kama nililisema hilo neno. Lilitoka kabla sijalizuia, na miezi yote hiyo sikuwahi kuiangalia mpaka mwisho.

Nakutumia diski mpya. Nimeshaiwekea kila kitu, kazi yako ni kutoa ile ya zamani na kuchomeka hii, skrubu ni nne ndogo. Ndani kuna video moja. Ni yake. Renata yumo lakini si yeye anayeongea. Sijamgombeza. Mwambie aiangalie mpaka mwisho, ni ndefu, mwekee mto mgongoni.

Nilitaka umwambie kwamba nakala nyingi ndani ya diski moja hazilindi kitu, na kwamba kila anaponakili anailiza diski na kuipunguzia maisha. Lakini usimwambie. Mwache anakili. Hii mpya ni kubwa, ataijaza na bado itakimbia.

Nilijaribu kupiga simu kwa jirani yako. Haiiti. Nitajaribu kesho.

Mwambie nimepiga.

Osdany


Camagüey, 29 Septemba 2024

Mwanangu,

Keti kwanza, kama uko karakanani mpe mwenzako kazi iliyo mkononi.

Kaka yangu Heriberto, baba yako, alifariki tarehe 30 Agosti, asubuhi, akiwa kwenye kile kiti. Tumemzika kando ya mama yako Miladis. Watu wa kiwandani waliobaki walikuja, wazee wote, wakambeba wenyewe na kupumzika njiani mara nyingi. Hatukuwa na umeme tangu jana yake. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta iliyozima, mkono juu ya kipanya, anangoja.

Bi Caridad alifika kwangu tarehe 6 mwezi huu. Ndege yake iliahirishwa, kisha Havana hakukuwa na mafuta ya basi. Alilia mlangoni akidhani ni kosa lake. Nikamwambia ameleta mzigo salama, aingie anywe kahawa. Simu yako kwa jirani haikuita kwa sababu mnara nao unakufa na umeme. Najua ulipiga. Yeye hakujua, na siwezi kukupambia hilo.

Diski nimeiweka mwenyewe. Skrubu moja imepotelea chini ya jiko, zilizobaki zinaishikilia. Kompyuta inaamka kahawa haijachemka. Inafunguka, inabaki imewaka, na hakuna anayekaa mbele yake. Video yako sijaifungua. Niliona jina lake, nikaiacha. Haikuletwa kwangu.

Nilitaka kukuandikia kwamba sikulaumu. Ningekuwa nadanganya. Nakulaumu kidogo, na yeye namlaumu zaidi kwa sababu alikuwa mkubwa, na mimi mwenyewe nilipoteza miezi nikizungumzia waya na tamthilia. Lakini bado mimi ni shangazi yako na hii bado ni nyumba yenu.

Nakutumia ile diski ya zamani. Bi Caridad ameifunga ndani ya soksi. Ina zile nakala alizoanza upya baada ya mimi kufuta. Usiitengeneze, tafadhali.

Nersa


Montevideo, 10 Novemba 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Sisi ni wazima. Renata ameuliza kwa nini babu hajibu video, Silvana akamjibu kabla yangu, akamwambia kweli. Mtoto akataka kujua kama babu alikuwa na mbwa. Nimeshindwa kukuandikia mpaka leo. Nimeharibu karatasi nyingi.

Soksi imefika. Nimeichomeka ile diski kwenye kompyuta ya hapa karakanani. Mwenzangu Washington, fundi tunayekaa naye meza moja, akachungulia kiduara kinavyozunguka akasema, "Hiyo itupe, imeshakufa, itakupotezea siku." Nikamwambia nina siku. Akaniangalia, akaenda kununua mikate, hakurudi haraka.

Ilipoamka nilizifungua akiba zote, moja baada ya nyingine. Nilidhani labda mojawapo itakuwa tofauti, labda kuna mahali alijirekodi, au aliandika kitu. Hakuna. Zote ni Renata na mishumaa, na mimi namwambia ampungie babu. Nimejisikia nikisema hivyo mpaka sauti imekuwa ya mtu mwingine.

Ya mwisho haifunguki. Ni ya tarehe 29 Agosti. Umeme ulikatika akiwa katikati ya kunakili, faili likabaki nusu. Folda ameipa jina langu.

Ile video yangu huko kwako usiifute. Haichukui nafasi kubwa.

Ninaijua dawa ya diski hii, shangazi, kazi yangu ndiyo hiyo. Ningeifuta, ningeipumzisha usiku mmoja, ingekimbia. Sikufanya hivyo. Nilichukua nakala moja nzima nikaanza kuinakili ndani ya ile folda ya mwisho, ili kimalizike alichokuwa akikifanya. Ilikwenda polepole sana. Washington alirudi, akafunga duka upande wake, akaondoka. Mimi nikavuta kiti mbele ya kompyuta, nikakaa, nikaingoja.

Mwanao,
Osdany